Kioo cha gari kikigoma: pima kwanza, mota baadaye

Masika yakikaribia, wasomaji huuliza jambo lilelile. Kioo kimegoma kikiwa chini, fundi amebonyeza swichi mara mbili tatu, amesema mota imekufa; je, ninunue mpya au ya mtumba? Wengine huuliza wakiwa wameshanunua na kufunga, na kioo bado hakisogei.

Jibu langu kwa wote ni moja: usinunue mota kabla haijathibitishwa kuwa imekufa, na kuithibitisha hakuhitaji mashine ya gharama. Balbu ya indiketa ya wati 21 yenye nyaya mbili inatosha. Mara nyingi kosa liko kwenye swichi, au kwenye waya uliokatika pale mlango unapojikunja, au plastiki ndogo iliyopasuka ndani ya mlango. Magari mengi tunayoendesha, kuanzia Vitz na IST hadi Noah na Premio, yalitumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa. Swichi zake zimeshachoka na nyaya zake zimekunjwa maelfu ya mara. Anza kuzishuku hizo.

## Mvua inakuja na kioo kiko chini

Hili ndilo la haraka, basi tuanze nalo. Fanya hivi kwa mpangilio huu:

- Washa injini. Betri nzima iliyotulia huwa na volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka umeme hupanda hadi karibu volti 14. Mota iliyochoka huweza kuamka kwa tofauti hiyo.
- Vuta swichi ya kupandisha, uishikilie, huku ukifungua na kufunga mlango polepole. Kioo kikishtuka mlango ukiwa katika pembe fulani, umeshapata ugonjwa: ni nyaya za kwenye bawaba.
- Mtu mmoja ashikilie swichi, mwingine agonge mlango kwa ngumi, upande wa ndani, sehemu ya chini. Mota ambayo brashi zake zimeisha huamka kwa kugongwa.
- Mtu mmoja ashikilie swichi, mwingine abane kioo kwa viganja viwili, kimoja ndani kimoja nje, na kukisukuma juu. Vidole visikae kati ya kioo na fremu.

Kikipanda, kiache huko huko. Usikishushe "kujaribu kama kimepona." Kama kinateleza chenyewe, kifunge kwa teipu pana inayoanzia upande wa ndani wa kioo, inapita juu ya fremu ya mlango na kushuka upande wa nje. Vipande vitatu vinatosha.

## Jiulize haya kabla ya kufungua mlango

Ni kioo kimoja au vyote? Vikigoma vyote kwa pamoja, usifungue mlango wowote. Mota nne hazifi siku moja. Tazama fyuzi, rilei, au plagi ya swichi kuu ya dereva.

Cha dereva kinafanya kazi ila vya abiria vyote vimegoma? Kwenye swichi za dereva kuna kitufe cha kufunga vioo vya abiria. Mtoto amekibonyeza, au mwosha gari amekigusa na kitambaa. Wapo waliolipia fundi kwa ajili ya kitufe hiki.

Kioo cha nyuma kinakubali swichi ipi? Kikikubali ya dereva na kukataa ya mlango wake, swichi ya mlango wake ndiyo mbovu. Kikikubali ya mlango wake na kukataa ya dereva, angalia ya dereva. Kikikataa zote mbili, usikimbilie mota bado, maana katika magari mengi ya Kijapani umeme wa swichi za abiria hupitia kwanza kwenye swichi kuu ya dereva. Swichi kuu ikiharibika, mlango wa nyuma unaweza kulala kabisa ilhali mota yake ni nzima.

Kinashuka lakini hakipandi? Hapa wengi hudanganywa. Mota inayoshusha kioo ndiyo hiyo hiyo inayokipandisha. Hugeuza tu mzunguko umeme unapogeuzwa. Kwa hiyo mlango wa dereva ukishusha vizuri na ukivuta swichi kupandisha kunakuwa kimya kabisa, mota haijafa. Mshukiwa ni swichi. Kama kinajitahidi kupanda huku kikilia na kusimama njiani, hiyo ni habari nyingine, tutaifikia.

Kioo kinasogea kwa mkono? Kishike kwa viganja na ujaribu kukishusha au kukipandisha. Ndani ya mota kuna gia ya umbo la skrubu ambayo haikubali kuzungushwa kutoka upande wa kioo. Ndiyo maana mwizi hawezi kukisukuma chini kirahisi. Kioo kinachoteleza juu na chini kwa mkono kimeachana na mashine yake: waya wa kuvutia umekatika au kishikizo kimepasuka. Umeme hauhusiki, na mota mpya haitakusaidia.

## Sikiliza, na tazama taa ya ndani

Zima redio, washa taa ya dari, gari liwe kivulini au iwe jioni. Swichi ya gari iwe ON. Bonyeza swichi ya kioo huku ukitazama taa hiyo.

- Taa inafifia kidogo na kioo hakisogei: umeme unafika na mota inavuta, ila imekwama. Achia mara moja. Ukiendelea kubonyeza unaipasha moto bure.
- Taa haibadiliki na kuna ukimya: umeme haufiki, au haupiti ndani ya mota. Tafuta fyuzi, swichi, waya, au brashi za mota zilizoisha.
- Unasikia mota inazunguka lakini kioo kimetulia: mashine ya kioo imekatika.
- Unasikia mkwaruzo na mlio wa kukatika-katika: waya umejiviringisha vibaya au meno ya gia yameliwa.

Jambo moja huwatisha watu bila sababu. Mota nyingi zina kikata-joto ndani yake. Watoto wakicheza na kioo juu chini mfululizo, mota hujizima yenyewe, na baada ya dakika chache hurudi. Kabla ya kuita fundi, iache ipoe.

## Fyuzi

Mfuniko wa kisanduku huwa na mchoro. Fyuzi za vioo kwa kawaida ni za ampia 20 hadi 30. Chomoa, tazama kama uzi wa ndani umekatika, weka nyingine ya namba ileile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusa bodi, na huo lazima utafutwe.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala kipande cha waya, wala karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi iko pale ili iungue yenyewe badala ya nyaya zilizo chini ya zulia. Fundi akikuwekea waya mahali pa fyuzi "ufike nyumbani kwanza," mwambie autoe mbele yako.

## Nyaya za kwenye bawaba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kosa hujificha kuliko mahali pengine popote, na ndipo wapimaji wengi hawaangalii.

Fungua mlango wa dereva uchungulie kati ya mlango na mwili wa gari, upande wa bawaba. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo. Ndani yake zimepita nyaya zote za mlango, na kila mlango unapofunguliwa hujikunja mahali palepale. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa zaidi, basi ndio unaoanza kuumwa.

Dalili zake: kioo kinafanya kazi leo na kesho kinagoma; loki ya mlango au spika ya mlango huohuo inasumbua pia; kioo kinakubali mlango ukiwa wazi nusu.

Vuta mpira taratibu utoke kwenye tundu la upande wa mwili wa gari. Chukua waya mmoja mmoja, hasa zile nene, na uuvute kidogo kwa vidole. Waya mzima ni mgumu, haurefuki. Uliokatika ndani hurefuka kama mpira: plastiki ya nje iko safi, rangi yake inang'aa, lakini shaba ndani imeachana. Ndiyo maana anayetazama kwa macho tu husema "nyaya nzima."

Mita nayo hudanganya hapa. Waya uliobaki na nywele moja ya shaba bado huonyesha volti 12, kwa kuwa mita haivuti umeme wa maana. Unganisha balbu ya wati 21, uone inavyowaka kwa unyonge. Kwa kazi hii balbu ni bora kuliko mita.

Kuunga: kata sehemu yote iliyochoka, weka kipande kipya cha waya wa unene uleule au zaidi, chomelea kwa risasi, funika kwa mrija unaobana kwa joto. Kiungo kikae nje ya sehemu inayojikunja, na uache ulegevu kidogo. Kusokota na kufunika kwa seloteipu kutakurudisha palepale.

## Swichi, na onyo kuhusu mafuta ya kupuliza

Swichi ya dereva huchoka mapema kwa sababu ya vumbi, soda iliyomwagika, na mvua ya kioo kilichoachwa wazi. Chanzo kingine wengi hawakifikirii ni kuweka tinti. Fundi wa tinti hupuliza maji ya sabuni kwenye kioo, maji hutiririka hadi kwenye swichi, na baada ya muda kioo kinaanza kujigomea. Ukipeleka gari kwa tinti, funika swichi kwa taulo kavu na nailoni kabla kazi haijaanza.

Njia rahisi ya kuipima: kama swichi za milango ya nyuma zinafanana, zibadilishe nafasi. Ugonjwa ukihama na swichi, umemaliza uchunguzi kwa dakika kumi.

Sasa onyo. Oktoba 2012 kampuni ya Toyota iliita magari takriban milioni 7.4 duniani kote yarudi kurekebishwa kwa sababu ya swichi ya vioo ya dereva, miongoni mwayo Yaris, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Vitz, pamoja na Corolla, Camry na RAV4. Grisi ndani ya swichi haikupakwa sawasawa kiwandani, swichi ikawa inakwama, na ilionekana inaweza kupata moto hadi kutoa moshi. Oktoba 2015 iliita mengine takriban milioni 6.5, yaliyotengenezwa kati ya 2005 na 2010, kwa kosa la grisi katika swichi hiyohiyo. Umri huo ndio wa magari mengi yaliyo barabarani kwetu.

Toyota yenyewe ilionya kwamba kupuliza mafuta ya dukani ndani ya swichi hiyo kunaweza kuifanya iyeyuke au itoe moshi. Kwa hiyo usipulize WD-40, usitie mafuta ya cherehani, hata kama yalimsaidia jirani yako. Swichi ikiwa nzito, inakwama, inanuka plastiki iliyoungua, au mlango una joto pale ilipo, zima gari, chomoa plagi yake, na ubadilishe swichi nzima.

"Je, siwezi kuisafisha?" Unaweza, ikiwa ni chafu tu na haina alama ya kuungua. Chomoa kwenye gari, ifungue mezani, safisha miguso ya shaba kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme inayokauka yenyewe, iache ikauke kabisa. Ukiona plastiki nyeusi au iliyoyeyuka kando ya mguso, itupe.

## Sasa fungua mlango

Hadi hapa ukiwa hujapata jibu, kava ya ndani ya mlango itoke. Kama hujawahi, fanya na fundi, lakini kaa naye.

1. Kioo kikiwa juu, kifunge kwa teipu juu ya fremu kabla ya kulegeza chochote.
2. Toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Ukikuta plagi ya njano ndani ya mlango, hiyo ni ya mfumo wa eabegi. Usiichomoe wala kuipima.
3. Toa skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo, kisha vuta kava kwa vishikizo vyake vya plastiki. Ikigoma, kuna skrubu umeisahau.
4. Bandua taratibu karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwenye chuma. Usiichane.
5. Rudisha waya wa betri, weka swichi ON, chomoa plagi ya mota, unganisha balbu kati ya nyaya zake mbili, na mtu abonyeze swichi juu, kisha chini.

Balbu iunganishwe kati ya nyaya mbili za mota, si kati ya waya mmoja na bodi. Kwenye mifumo ya kawaida umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine kupitia swichi, na ukipima na bodi utaona njia ya kwenda tu.

- Inawaka kwa nguvu pande zote mbili na mota haizunguki: mota imekufa, au kioo kimekwama. Legeza kioo uhakikishe.
- Inawaka kwa unyonge: rudi kwenye bawaba na swichi.
- Haiwaki kabisa: unganisha ncha moja ya balbu na chanya ya betri, na nyingine na kila waya wa plagi, bila mtu kubonyeza swichi. Lazima iwake kwenye nyaya zote mbili. Usipoiona kwenye mmoja, njia ya kurudi ya waya huo imekatika.

Unaweza pia kuipa mota umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi, kisha ukazigeuza. Ila hii ni kwa mota yenye nyaya mbili tu. Ikiwa plagi ina nyaya nyingi zaidi, mota hiyo ina kompyuta au sensa ndani yake. Ukiipa betri kwenye pini isiyo yake utaiua kweli. Hapo anahitajika fundi umeme mwenye mashine ya kusomea gari.

Na kwenye mashine za mikono ya kupishana kama mkasi, yenye springi kubwa, usifungue mota kabla mikono hiyo haijabanwa kwa boliti au klampu. Springi ikiachia, inaweza kukata kidole.

## Kioo kizito, na kioo kinachorudi chenyewe

Kioo kinachopanda kwa kujivuta mara nyingi kinakabwa na raba kavu zilizojaa vumbi. Safisha mifereji ya raba kwa kitambaa chenye maji na sabuni, iache ikauke, kisha puliza silikoni. Usitumie grisi wala mafuta ya injini: hulainisha wiki moja, kisha hukamata mchanga, na mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba. Kama kioo bado ni kizito baada ya hapo, huenda mota inaelekea mwisho.

Kioo cha AUTO kinachopanda hadi karibu juu kisha kushuka chenyewe kinadhani kimebana mkono wa mtu. Raba chafu hukidanganya hivyo. Betri ikichomolewa pia kioo husahau mwisho wa safari yake, na kwenye Toyota nyingi taa ndogo ya swichi huanza kupepesa. Weka swichi ya gari ON, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi ili kioo kipande hadi kifunge kabisa, na uendelee kuishikilia sekunde chache. Taa ikitulia, kimekumbuka. Kitabu cha gari kina maelezo haya, ingawa mara nyingi kiko kwa Kijapani. Kamera ya simu yenye tafsiri inatosha kukisoma. Usikubali mtu akuzimie ulinzi huu wa kioo kurudi chenyewe kwa "kurahisisha." Upo kwa ajili ya shingo na vidole vya watoto.

## Ukienda kununua spea

Iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, beba ile ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya pini na umbo la plagi, kisha upande: mota na mashine ya kulia haiingii kushoto. Mwombe muuzaji aizungushe kwa betri pande zote mbili kabla hujalipa. Kwa swichi, angalia nyuma yake kama kuna alama ya moto. Ya mtumba inaweza kuwa na ugonjwa uleule uliokufukuza nyumbani. Mashine ya kioo iangalie vishikizo vyake vya plastiki kwa karibu, hasa kama ni vyeupe na vimeanza kuwa na nyufa nyembamba, maana hivyo ndivyo vinavyopasuka kwanza.

Fundi akikuambia mota imekufa, mwombe akuonyeshe balbu ikiwaka kwenye plagi. Fundi mzuri hachukii ombi hilo.

## Kabla hujaondoka gereji

Pandisha na ushushe kila kioo kwa swichi zake zote, injini ikiwa imewaka, kisha ikiwa imezimwa na swichi ikiwa ON. Fungua na funga mlango mara kadhaa katikati ya zoezi.

Kabla kava haijarudishwa, hakikisha karatasi ya nailoni imegandishwa upya. Mafundi wengi huitupa, na miezi miwili baadaye mwenye gari anashangaa zulia limelowa. Kisha mwombe mtu amwage maji kwenye kioo kilichofungwa. Yanapaswa kutoka kwenye matundu madogo chini kabisa ya mlango; yasipotoka, zibua matundu hayo kwa kijiti cha plastiki, kwa sababu maji yanayobaki mle yatakaa karibu na mota uliyotoka kuilipia.